Maji ya rejeta yakipungua, tafuta kwanza yanakopitia

KATIKA buti za magari mengi makuukuu humu nchini hamkosi mtungi wa maji wa lita 5. Mwenye gari huuona mtungi huo kuwa tahadhari njema. Kila asubuhi hufungua boneti, akamimina kiasi katika rejeta, akaenda zake kazini. Fundi mwenye uzoefu huuangalia kwa jicho tofauti. Kwake yeye, mtungi huo ni ushahidi kwamba injini inavuja, na kwamba mwenyewe anajua ila ameamua kuishi na maradhi hayo.

Maji ya rejeta hayatumiki jinsi petroli inavyotumika. Huzunguka ndani ya mfumo uliofungwa: pampu huyasukuma katika injini, yakabeba joto hadi kwenye rejeta, yakapoa na kurudi. Gari dogo hubeba takriban lita 5 au 6, na likiwa zima huweza kukaa miezi mingi bila kuongezwa chochote cha maana. Yakipungua kila wiki, basi yanatoka mahali.

Hatari yenyewe haimo katika gharama ya maji. Magari mengi ya Kijapani yaliyoingia nchini tangu miaka ya 1990 yana kichwa cha injini kilichotengenezwa kwa alumini, madini mepesi yanayopinda upesi yakizidiwa na joto. Dakika chache za kuendesha gari lililokaukiwa zatosha kukipinda kichwa hicho na kuichoma gasketi iliyo chini yake. Uvujaji ambao ungalizibwa kwa klipu moja hugeuka kazi ya kufungua injini.

Tena kipimo cha joto kilicho mbele ya dereva si shahidi wa kutegemewa wakati huo. Kifaa kinachopima joto hukaa ndani ya maji. Maji yakiisha, kifaa hubaki katika mvuke na hewa, na sindano yaweza hata kushuka ilhali injini inaungua. Dereva akiona sindano imepanda kisha ikaanguka ghafla, asishukuru. Na asimamishe gari mara moja.

Kwa wakazi wa nyanda za juu lipo jambo jingine. Maji huchemka kwa nyuzi 100 huko Mombasa, lakini jijini Nairobi huchemka yakifika karibu nyuzi 95, na katika milima ya Timboroa, yapata mita 2,700 juu ya bahari, huchemka kwa nyuzi 91 hivi. Injini nyingi hufanya kazi katika joto la nyuzi 85 hadi 95. Kinachozuia maji yasichemke ni kifuniko cha rejeta, ambacho hushikilia shinikizo ndani na kupandisha kiwango cha kuchemka kwa takriban nyuzi 20. Kwa hivyo kifuniko chenye mpira uliopasuka au springi iliyolegea chaweza kulifanya gari lichemke mlimani hata kama hakuna tone linalodondoka chini. Ndicho kitu cha kwanza kukagua, nacho ndicho rahisi kuliko vyote. Nunua chenye nambari ileile ya shinikizo iliyoandikwa juu ya kile cha awali, mathalan 0.9 au 1.1.

Usikifungue kamwe injini ikiwa moto. Maji yaliyozuiliwa kwa shinikizo hulipuka kuwa mvuke pindi yanapopata mwanya, na wengi wameungua uso na mikono kwa haraka hiyo. Subiri hadi mpira wa juu wa rejeta uweze kushikika kwa mkono bila kuchoma.

Utafutaji wenyewe waanza asubuhi, gari likiwa limelala baridi. Tandaza karatasi au kadibodi chini ya injini usiku, kisha utazame doa limeangukia wapi. Usidanganyike na maji meupe yasiyo na harufu yanayodondoka upande wa abiria baada ya kutumia kiyoyozi. Hayo ni unyevu wa hewa tu, na watu wa pwani huyaona kila siku. Maji ya injini yaliyotiwa dawa, ile ambayo mafundi huiita kulanti, huwa ya kijani, mekundu au ya waridi, yana utelezi na harufu tamutamu, na yakikauka huacha ukoko wa rangi hiyohiyo. Hapa ndipo mwenye kutia maji matupu ya mfereji hupata hasara maradufu: hana dawa ya kuzuia kutu, na hana rangi ya kumwonyesha njia ya uvujaji.

Fuata ukoko huo. Minya mipira ya maji kwa vidole; ulio laini mno, uliovimba au wenye nyufa karibu na klipu umekwisha. Tazama maungio ya rejeta ambapo tangi la plastiki limebanwa na alumini, kwani plastiki hiyo hupasuka kwa uzee. Chini ya pampu ya maji pana tundu dogo lililowekwa makusudi: sili ya ndani ikichoka, maji hutokea hapo, na aghalabu beringi huanza kulia. Zulia la mbele likilowa, na kioo kikafunikwa na ukungu wenye harufu tamu, uvujaji umo katika rejeta ndogo ya hita iliyofichwa nyuma ya dashibodi.

Fundi aliyejikamilisha kwa vifaa ana pampu ya mkono yenye kipimo. Huifunga mahali pa kifuniko, akajaza shinikizo lisilozidi lile la kifuniko, akangoja. Sindano ikishuka, maji yatajionyesha yanapotokea bila injini hata kuwashwa. Fundi anayekushauri ubadilishe rejeta kabla ya kufanya hivyo, au kabla ya kulala chali chini ya gari na tochi, anakisia kwa pesa zako.

Sindano ikishuka na nje pakawa pakavu, shuku gasketi ya kichwa. Dalili zake ni moshi mweupe usiokoma hata injini ikishapata moto, mapovu yanayopanda katika rejeta injini ikinguruma, na oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa. Hapo gari lisiendeshwe tena, hata kwa safari fupi. Kichwa hufunguliwa, kikapimwa kwa rula ya chuma iliyonyooka, na kikiwa kimepinda hupelekwa kwenye mashine kusawazishwa. Kuweka gasketi mpya juu ya kichwa kilichopinda ni kazi bure.

Matengenezo mengine ni mepesi. Mpira mmoja ukipasuka, badilisha na mwenzake wa umri mmoja, na klipu zake. Rejeta ya zamani ya shaba hulehemiwa vizuri na mafundi wa jua kali. Ya alumini na plastiki ni afadhali ibadilishwe. Ukienda Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, ambayo wengi wangali wanaiita Grogan, kutafuta iliyotumika, ikague mapezi na maungio kabla hujalipa. Ama ute wa yai na unga wa kuzibia, huweza kukufikisha nyumbani usiku ukiwa porini, lakini uchafu huohuo huziba mifereji myembamba ya rejeta na hita. Na ikiwa fundi ataka kuitoa thamostati ili injini ipoe, mkatalie. Bila hiyo injini hukawia kupata moto na kula petroli zaidi, na katika baadhi ya injini sehemu ya maji hupita njia ya mkato bila kufika kwenye rejeta.

Wakati wa kujaza tena, weka hita kwenye joto kamili, mimina polepole mchanganyiko wa nusu dawa na nusu maji yaliyosafishwa, kisha washa injini kifuniko kikiwa wazi tangu ingali baridi. Mapovu ya hewa yatatoka na kiwango kitashuka. Ongeza hadi kitulie, kisha funga. Kikague kila asubuhi kwa juma moja.

Maji ya zamani uliyoyatoa yasiachwe katika karai uani. Dawa nyingi za rejeta zina sumu iitwayo ethilini glaikoli, yenye ladha tamu inayowavutia mbwa na watoto, na kiasi kidogo tu huharibu figo na kuua.