Bakshishi kwa mhudumu wa baa, gesti na meli: utoe lini, kiasi gani, na ni mali ya nani?

Msikilizaji, kila msimu wa malipo ya kahawa unapofika, swali hili linarudi studio. Umekaa baa pale Rubwera, Nkwenda au Kayanga, umekunywa bia zako mbili, bili imekuja shilingi 5,500 na wewe umetoa 6,000. Mhudumu amekuletea chenji ya 500, amesimama kidogo. Je, ile 500 ni yako au ni yake? Ukiichukua utaonekana bahili? Ukiiacha, itamfikia kweli?

Jibu fupi ni hili: chenji ni yako mpaka wewe mwenyewe useme "baki nayo". Lakini kuna mengi ya kujua nyuma ya jibu hilo, kwa mteja, kwa mhudumu na kwa mwenye baa. Tuyachukue moja baada ya jingine.

Bakshishi ni nini?

Bakshishi ni fedha ambayo mteja anampa mhudumu kwa hiari, juu ya bei ya kitu, kwa kuridhika na huduma. Neno lenyewe lilitufikia kutoka Kiajemi, na asili yake ni kutoa au kuzawadia. Siku hizi wengi wanasema "tipu", na mitaani utasikia "ya soda", "ya maji" au "asante". Yote ni kitu kimoja.

Mambo matatu yanaifanya iwe bakshishi: inatolewa baada ya huduma, inatolewa kwa hiari, na ukiacha kuitoa hupotezi haki yako yoyote. Likikosekana moja kati ya hayo, fedha hiyo ina jina jingine. Tutalitaja mbele.

Kwa nini mhudumu anaitegemea?

Wahudumu wengi wa baa na gesti katika miji yetu midogo ni vijana waliotoka vijijini, wengi wao dada zetu. Kazi inaanza asubuhi kwa kufagia na kupanga viti, na inaisha usiku mteja wa mwisho anapoondoka. Mshahara ni mdogo, na wengine hawana mkataba wa maandishi. Shilingi 500 au 1,000 ya mteja inaweza kuwa nauli ya bodaboda ya kurudi nyumbani salama usiku.

Nami nayajua haya kwa kuyapitia. Kabla sijasomea cheti cha utangazaji nilihudumu miezi michache kwenye baa moja. Kaunta palikuwa na kopo la maziwa lenye tundu juu, na kila bakshishi tuliambiwa tuitumbukize humo. Mwisho wa mwezi bosi alilifungua peke yake, akatuambia fedha yote imefidia glasi zilizovunjika. Hakuna aliyeonyeshwa hesabu. Wateja waliotupa fedha ile kwa moyo safi hawakujua kwamba hatukuiona tena.

Ndiyo maana swali la "kiasi gani" haliwezi kutenganishwa na swali la "ni ya nani".

Utoe kiasi gani?

Hapa Tanzania hakuna sheria inayopanga kiasi cha bakshishi, wala hakuna anayeweza kukudai. Mifano ifuatayo ni ya kukuongoza tu.

*Baa na mgahawa.* Wengi huacha chenji ndogo, yaani 500 au 1,000. Kama mmekaa kundi na mhudumu amezunguka meza yenu jioni nzima, kila mmoja akitoa kidogo inafika 2,000 au 3,000, na hakuna aliyeumia.

*Gesti.* Anayesafisha chumba mara nyingi hamwoni mteja. Ukilala siku mbili tatu, mwachie 1,000 au 2,000 siku ya kuondoka. Mpe mkononi, au mwambie wa mapokezi mbele yake. Fedha iliyoachwa juu ya kitanda bila maelezo inamtia wasiwasi, hajui kama umeisahau.

*Harusi na send-off.* Wahudumu wa ukumbi wanalipwa na kamati kwa siku. Mgeni halazimiki kutoa kitu. Ukitaka kumshukuru aliyewahudumia, mpe mwisho wa shughuli. Kumpa mwanzoni ili meza yenu ipate vinywaji vingi kuliko nyingine ni kuiibia kamati.

*Kilabu cha lubisi.* Hapa anayekupimia mara nyingi ndiye aliyekamua na kuuza. Hatarajii bakshishi. Anachotarajia ni ulipe siku hiyo hiyo, usimwandikishe deni hadi mavuno.

*Kumnunulia mhudumu bia.* Wengi hudhani ndiyo heshima kubwa. Lakini mhudumu aliyekubali bia ya kila meza hatamaliza zamu akiwa timamu. Ukitaka kumfurahisha, muulize kwa adabu: "Dada, nikupe soda au nikupe fedha yake?" Wengi watachagua fedha, na hakuna ubaya.

Kwenye meli na vivuko

Wasikilizaji wanaokwenda Mwanza kupitia Bukoba wameuliza pia kuhusu meli. MV Victoria, iliyorudi majini mwaka 2020 baada ya matengenezo makubwa ikiitwa New Victoria Hapa Kazi Tu, ina uwezo wa kubeba abiria 1,200, na safari yake kwa kawaida ni ya usiku. Anayekuhudumia chakula au kinywaji humo mchukulie kama mhudumu wa mgahawa: acha chenji ukipenda.

Ila tofautisha mambo mawili. Kwanza, mpagazi wa bandarini hangoji bakshishi, anangoja ujira. Mkubaliane bei kabla hajanyanyua mzigo wako. Pili, ukimpa mtu fedha nje ya tiketi ili upate nafasi au mzigo usipimwe, hiyo si bakshishi hata kama mmeiita "ya soda".

Kwenye meli kubwa za kitalii duniani, zile ambazo baadhi hutia nanga Zanzibar na Dar es Salaam, utaratibu ni mwingine kabisa. Kampuni nyingi huongeza bakshishi moja kwa moja kwenye akaunti ya abiria, kiasi fulani cha dola kwa kila mtu kwa kila siku, kisha hugawanywa kwa wanaosafisha vyumba, wanaohudumia mezani na wengine wasioonekana. Kinywaji cha baa nacho huongezewa asilimia fulani, na kwa kampuni nyingi za Kimarekani ni 18 au 20. Abiria aliyezoea hayo akifika kwetu anaweza kushangaa hakuna kilichoongezwa kwenye bili. Wewe nawe ukipata kazi ya meli, kama vijana wa Mombasa walioajiriwa kwenye meli za MSC, uliza kabla ya kusaini: mshahara wa msingi ni kiasi gani, na bakshishi imo ndani yake au iko pembeni?

Nchi nyingine wanafanyaje?

Marekani, sheria ya taifa inamruhusu mwajiri kumlipa mhudumu anayepata bakshishi dola 2.13 tu kwa saa, kiwango kisichobadilika tangu mwaka 1991, mradi bakshishi ifidie mpaka afikie kima cha chini cha kawaida. Majimbo mengi yameweka viwango vya juu zaidi. Ndiyo sababu Mmarekani huacha asilimia 15 hadi 20 ya bili bila kuulizwa: anajua analipa mshahara wa mtu.

Japani ni kinyume. Huko bakshishi si desturi, na mhudumu anaweza kukufuata nje akurudishie fedha akidhani umeisahau.

Uingereza wametunga sheria inayojibu swali la lile kopo la maziwa. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 mwajiri anatakiwa kuwapa wafanyakazi bakshishi yote bila kukata chochote, isipokuwa makato ya kisheria kama kodi, na aigawe kwa haki.

Kwetu, mfano mzuri uko Mlima Kilimanjaro. Mwisho wa safari wageni wengi hukusanyika na kundi zima la waongozaji, wapishi na wagumu, kisha kiasi cha kila kundi hutangazwa hadharani. Kila mgumu anasikia fungu lake kwa masikio yake. Sasa kwa kuwa tuna hifadhi za Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe, zilizotangazwa mwaka 2019, vijana wetu watakaohudumia watalii wauanze utaratibu huo mapema.

Bakshishi na rushwa

Ukimpa muuguzi, mtendaji wa kijiji, askari au mtumishi wa mpakani Murongo fedha ili akupe huduma ambayo ni haki yako, au ili afumbie macho kosa, hiyo ni rushwa chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Jina la "soda" haliibadilishi. TAKUKURU wanapokea taarifa kwa namba 113, bila malipo.

Kuna jambo jingine ambalo wahudumu wanatuambia kwa sauti ya chini. Bakshishi hainunui mwili wa mtu. Mteja aliyeacha 5,000 hajapata ruhusa ya kumshika mhudumu, kumdai namba ya simu au kumsubiri nje baa ikifungwa. Na mwajiri au msimamizi anayedai ngono ili kutoa kazi, zamu nzuri au mshahara, anatenda kosa la rushwa ya ngono, ambalo sheria hiyo hiyo imelitaja waziwazi katika kifungu cha 25.

Haki za mhudumu

Bakshishi si mshahara. Mwajiri hawezi kusema "wewe hulipwi hapa, utaishi kwa tipu". Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka alipe mshahara, na serikali hutangaza kima cha chini kwa kila sekta, ikiwemo ya hoteli, baa na nyumba za kulala wageni.

Glasi ikivunjika au mteja akikimbia bila kulipa, bosi hawezi kukata atakavyo. Kwa mujibu wa kifungu cha 28, ni lazima hasara iwe imetokana na kosa lako ukiwa kazini, akuandikie sababu na hesabu yake, akupe nafasi ya kujitetea, na makato ya namna hiyo yasizidi robo ya mshahara wako wa fedha taslimu.

Ukiona umedhulumiwa, anza kwa kuzungumza na mwajiri. Ikishindikana, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, kwenye ofisi ya mkoa. Usichelewe: mgogoro wa kuachishwa kazi hufunguliwa ndani ya siku 30, na migogoro mingine ndani ya siku 60. Chama cha CHODAWU, kinachowaunganisha wafanyakazi wa mahotelini na majumbani, nacho kinaweza kukushauri.

Kwa mwenye baa

Kama unataka bakshishi ikusanywe pamoja, ili na wa jikoni na anayeosha vyombo wapate, ni wazo zuri. Fanya hivi:

1. Weka sanduku lenye kufuli, ufunguo akae nao mfanyakazi aliyechaguliwa na wenzake.
2. Lifunguliwe kila wiki, wote wakiwepo.
3. Mkubaliane mapema nani anapata sehemu gani, na muandike kwenye daftari.
4. Usichanganye na mauzo, wala usilitumie kulipia hasara.

Kwa mhudumu

Rudisha chenji yote, iweke mezani, ondoka. Anayesimama akisubiri humfanya mteja ajione anakabwa. Usiongeze chupa kwenye bili ya aliyelewa, kwa sababu kesho atahesabu. Ukipewa, sema "asante mzee" au "asante mama", hata kama ni 200.

Kwa mteja anayelipa kwa simu

Ukilipa kwa lipa namba, fedha yote inaingia kwa mwenye biashara, pamoja na ile uliyoongeza kwa ajili ya mhudumu. Kwa hiyo lipa bili kwa lipa namba, na bakshishi itoe taslimu mkononi. Na kwenye risiti ukiona VAT, usidhani umeshamlipa mhudumu: hiyo ni kodi inayokwenda serikalini. Hoteli ikiandika "gharama ya huduma", una haki ya kuuliza kama inawafikia wafanyakazi.

Mwisho, msikilizaji, usione aibu kama huna. Kumsalimia mhudumu, kumwita "dada" au "kaka" badala ya kumpigia mluzi, kulipa bili yako yote na kuondoka kwa amani ni heshima tosha. Ila siku ukiwa nayo na ukaamua kutoa, mpe mkononi mwake, ili usiku ule apate nauli ya kurudi nyumbani.