Kiporo cha Pwani

Katika nyumba za mwambao wa Afrika Mashariki, chakula cha jioni kilichosazwa kikaliwa asubuhi kilikuwa mlo uliopangwa mapema. Mpishi alipopima mchele wa jioni alikuwa amekwisha kuhesabu na vinywa vya alfajiri. Mlo huo uliitwa kiporo, mwiku au bariyo, kutegemea mji na kizazi. Mkulima aliyetaka kufika kondeni kabla ya jua kali, na mvuvi aliyefuata maji, hawakuwa na muda wa kungoja moto uwake.

Chanzo cha desturi hii ni uzito wa kazi ya kupika, zaidi ya uhaba wa chakula. Wachimbaji wa mambo ya kale waliochunguza punje zilizoungua huko Chwaka, kisiwani Pemba, walikuta kwamba kufikia karne ya 11 mchele ulikuwa umechukua nafasi ya kwanza, ilhali karne zilizotangulia zilikuwa za uwele na mtama. Mpunga ni nafaka yenye madai mengi. Hutwangwa kwa kinu na mchi, hupepetwa, huchaguliwa chuya na mchanga, ndipo upikwe. Nazi nayo hukunwa kwa mbuzi, tui likakamuliwa kwa kifumbu. Ongeza kuni za kutafuta na maji ya kuteka, kazi zote hizo zikiwa za wanawake, na katika nyumba za matajiri wa zamani za watumwa. Kupika mara moja kwa milo miwili kulikuwa hesabu nzuri.

Hesabu hiyo ilikuwa na masharti, na sharti kuu lilihusu mkono. Chakula kilichobaki chunguni bila kuguswa ndicho kiporo. Kilichobaki kwenye sinia baada ya watu kulia kwa vidole ni makombo, na makombo hayakulazwa: yalikwenda kwa kuku, paka au mbuzi. Kwa hiyo mpishi mzoefu hakupakua chote. Alitoa sehemu, akaifunika iliyobaki, akaongeza kidogo kidogo kadiri walaji walivyohitaji. Utaratibu huu ulikuwa kinga ya kweli, maana mate na vidole huingiza vijidudu vinavyoharakisha kuoza, ingawa waliouanzisha hawakuwa na darubini ya kuviona.

Sharti la pili lilihusu tui. Wali wa nazi ukiachwa usiku wa joto huchacha upesi kuliko wali mkavu, na mchuzi wa nazi ni hivyo hivyo. Mchuzi ulichemshwa tena kabla ya kulala, ukaachwa juu ya mafiga bila kukorogwa wala kuonjwa. Samaki waliokusudiwa kesho walikaangwa wakauke, au waliungwa kwa ukwaju au ndimu. Kisha chungu kilipandishwa kwenye susu, chanja cha kamba kinachoning'inia kutoka darini, mbali na panya na paka. Vyombo vingine vilifunikwa kwa kawa la ukindu, linalozuia nzi huku likipitisha hewa. Baadaye, zama za ukoloni, yaliingia makabati ya wavu, ambayo miguu yake ilisimamishwa ndani ya makopo ya maji ili sisimizi wasipande.

Ukoko una historia yake pembeni. Wali ukipaliwa makaa juu ya kifuniko na chini ya sufuria, tabaka la chini hushika rangi na kukauka. Watoto huligombea, na katika shughuli za arusi ukoko wa pilau ni haki isiyoandikwa ya wapishi. Wali wenyewe ulipobaki mwingi, baadhi ya wapishi waliuchanganya na mchele uliorowekwa, wakausaga pamoja kwa ajili ya vitumbua au mkate wa kumimina. Machicha ya nazi yaliishia kwa kuku. Mwezi wa Ramadhani kiporo kilibadili saa tu: kilichosalia baada ya futari kilipashwa moto kikawa daku.

Karne ya 19 ilibadili upatikanaji wa mchele. Unguja na Pemba ziligeuzwa mashamba ya karafuu chini ya masultani wa Kiomani, na visiwa vikazidi kutegemea mchele wa kununua ng'ambo. Udhaifu wa mpango huo ulidhihirika mwaka 1942, Wajapani walipoiteka Burma, iliyokuwa ghala kubwa la mchele wa biashara. Wali ukapungua vyunguni, na muhogo ukajaza pengo.

Bara, kiporo kilikuwa cha aina nyingine, ugali au kande, na hapo chai ndiyo iliyoleta mageuzi. Michai ilipandwa Limuru, nchini Kenya, mwaka 1903, na kadiri kinywaji hicho kilivyoenea mijini na vijijini ndivyo kipande cha ugali baridi, kiazi kitamu au chapati iliyolala vilivyopata kiteremshio. Sehemu nyingi ugali wa jana hubanikwa makaani hadi upasuke ngozi, na hakuna sababu ya kuuonea haya.

Sayansi ilikuja kuthibitisha baadhi ya tahadhari za wapishi na kukosoa nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, watafiti wa Uingereza waliwachunguza watu waliotapika baada ya kula wali wa kukaanga katika mikahawa ya Kichina, wakakuta chanzo ni bakteria aitwaye Bacillus cereus. Mbegu zake hustahimili kuchemshwa, huamka wali ukikaa vuguvugu, na sumu yake ya kutapisha haiondoki kwa kupasha moto. Maana yake, kuchemsha upya asubuhi hakutoshi. La muhimu ni saa za usiku. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2001 unaelekeza chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa 2 bila kupozwa barabara.

Friji ndiyo iliyowezesha hilo, ila kwa wenye umeme. Unguja iliunganishwa na gridi ya bara kwa kebo ya chini ya bahari mwaka 1980. Kebo hiyo ilipoharibika, kisiwa kilikaa gizani takriban mwezi mzima mwaka 2008, kisha tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010. Friji zikawa makabati tu, na mafuta ya jenereta hayakuwa ya kila mtu.

Umeme ukiwapo, kiporo cha mjini leo hulala siku nyingi. Maharage huchemshwa sufuria nzima, yakagawanywa katika vibakuli na kugandishwa, kisha huungwa kwa nazi kibakuli kimoja kimoja wiki inapoendelea. Mkaa ni ghali, na maharage huula kwa saa nyingi.