Mwili wa Mzee na Homa ya Mafua

Leo tunasoma habari za zamani, habari za homa ya mafua na jinsi mwili wa mzee unavyopigana nayo. Wazee mlio darasani, somo hili ni lenu hasa. Vijana nao wasisinzie, maana wana wazazi nyumbani.

Sisemi habari za kamasi za siku mbili. Homa ya mafua, ambayo madaktari huiita influenza, humjia mtu kwa ghafula: homa kali, maumivu ya viungo, kikohozi, na udhaifu wa kumlaza kitandani. Kwa mzee huweza kushuka mapafuni ikawa nimonia, na nimonia humwua.

Andikeni mwaka huu: 1918. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa inakwisha. Nchi ya Buha, yaani Heru, Muhambwe na majirani zao, ilikuwa mikononi mwa Wabelgiji, waliowaondoa Wajerumani mwaka 1916 na kukaa mpaka 1921. Septemba 1918 homa ilifika Mombasa kwa meli, ikapanda gari la moshi kwenda bara. Novemba mwaka huo Jenerali von Lettow-Vorbeck wa Wajerumani alisalimu amri huko Abercorn, mji unaoitwa Mbala leo, nchini Zambia. Askari wake wakavushwa Ziwa Tanganyika mpaka Kigoma, wakapakiwa gari la moshi kwenda Tabora. Homa iliwapiga askari hao na wapagazi wao, na wengi walikufa. Hebu fikirini: watu waliostahimili miaka minne ya risasi, njaa na mwendo wa miguu, wakaangushwa na mafua!

Inakadiriwa kwamba duniani walikufa watu kama milioni 50. Lakini jambo lililowashangaza madaktari ni umri wa waliokufa. Kwa desturi mafua huua watoto wachanga na wazee. Mwaka ule, mahali pengi palipohesabiwa, yaliua sana watu wa miaka 20 mpaka 40, watu wa jembe na mzigo. Wazee walikufa kidogo kuliko ilivyotazamiwa.

Wataalamu wengi hudhani sababu ni hii. Mwili una walinzi katika damu. Mlinzi wa shamba akishamfukuza nyani mmoja, humjua siku akirudi. Walinzi wa damu nao hukumbuka kijidudu walichopigana nacho. Huenda wazee wa 1918 walipokuwa watoto waliugua mafua yaliyofanana na yale.

Kumbukumbu hiyo hukaa miaka mingapi? Mwaka 1957 mafua mapya yalitokea Asia. Madaktari wa Marekani na Uholanzi walipopima damu za watu ambao mafua hayo hayajawafikia, waliona kwamba baadhi ya wazee wa miaka 70 na zaidi walikwisha kuwa na kinga dhidi yake. Na mwaka 2008 ilitangazwa habari ya kushangaza zaidi. Watafiti walipima damu ya wazee 32 wenye miaka 91 mpaka 101, waliokuwa watoto mwaka 1918. Wote, bila kubaki hata mmoja, walikuwa na kinga ya kijidudu kile, baada ya miaka 90. Mimi naona hiyo ni heshima kubwa kwa mwili wa mzee.

Sasa tuje kwenye sindano. Kijidudu cha mafua ya binadamu kilipatikana London mwaka 1933. Wamarekani wakatengeneza chanjo, wakaijaribu kwa askari wao mwaka 1943. Chanjo hiyo ni kijidudu kilichouawa; kazi yake ni kuwaonyesha walinzi sura ya adui kabla hajaja. Lakini mwaka 1947 ilishindwa kazi, kwa kuwa mafua yalikuwa yamebadilika. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani huwakusanya wataalamu mara mbili kila mwaka wachague chanjo ya msimu ujao.

Hapo ndipo shida ya mzee inapoonekana. Walinzi wake wa zamani wanakumbuka vema, ila walinzi wapya ni wachache. Nyuma ya mfupa wa kifua kuna tezi ambayo ni shule ya baadhi ya walinzi hao. Tezi hiyo husinyaa tangu ujana, na uzeeni imebaki kidogo sana. Basi kijana na mzee wakidungwa sindano ile ile, kwa kawaida mzee hupata kinga kidogo zaidi, na hupungua upesi. Hata hivyo, humpunguzia hatari ya kulazwa hospitali na ya kufa.

Madaktari wakafikiri: mwanafunzi mwenye masikio mazito huambiwa kwa sauti kubwa. Mwaka 2009 Marekani iliruhusu chanjo ya wazee yenye dawa mara nne ya kawaida. Ilijaribiwa kwa watu karibu 32,000 wenye miaka 65 na zaidi, na matokeo yakatangazwa mwaka 2014. Pale ambapo chanjo ya kawaida iliacha wagonjwa 100, hii iliacha kama 76. Si muujiza, lakini ni faida.

Japani walipita njia nyingine: tangu 1962 waliwachanja watoto wa shule. Watafiti walioandika mwaka 2001 walikadiria kwamba kwa kila watoto 420 waliochanjwa, mtu mmoja aliokolewa na kifo, na wengi wa waliookolewa walikuwa wazee. Mpango ulipoachwa, vifo vya wazee wakati wa baridi vilipanda tena. Si wataalamu wote wanaoikubali hesabu hiyo, lakini nyumba ambamo bibi analala na wajukuu chumba kimoja inaifahamu njia ya mafua.

Sasa mwalimu awagawe katika vikundi. Kila kikundi kimwulize mzee mmoja ni ugonjwa gani wa mlipuko anaoukumbuka, ulikuja mwaka gani, na ni akina nani walioumwa zaidi, watoto, vijana au wazee. Andikeni majibu yake kwa mistari mitano, na jina la kijiji juu.