Misetoma

Misetoma ni ugonjwa sugu wa ngozi, nyama na mifupa unaoletwa na fangasi au bakteria wanaopenya kwenye jeraha dogo, aghalabu la mguu. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani liliuorodhesha miongoni mwa magonjwa ya tropiki yaliyopuuzwa. Hushamiri nchi kavu kama Sudan na ni nadra pwani ya Ziwa Viktoria. Kwa hiyo mkulima wa Awasi, kwenye uwanda wa Kano karibu na ziwa hilo, anaweza kutibiwa kidonda muda mrefu bila misetoma kushukiwa. Dalili zake ni uvimbe usiouma, vitundu vinavyotoa usaha, na punje ndani ya usaha huo.

Punje hizo ndizo zinazopaswa kuongoza tiba. Nyeusi huashiria fangasi, nyekundu bakteria. Nyeupe zaweza kuwa za upande wowote, hivyo huhitaji hadubini na kipimo cha kinyama. Fangasi hutibiwa kwa itrakonazoli kwa miezi mingi, mara nyingi pamoja na upasuaji. Bakteria kwa kotrimoksazoli na amikasini. Wapo wanaosema kwamba zahanati haina maabara ya vipimo hivyo, basi heri dawa zianze mara moja. Hoja hiyo ina uzito, lakini misetoma hukua polepole: kusubiri majibu kutoka hospitali ya rufaa ya Kisumu hakudhuru kama dawa isiyofaa, inayompa fangasi nafasi ya kufika mfupani. Na kukagua usaha kwa macho hakuhitaji mtambo wowote.