Walihofiwa watanunua Lamborghini, wakanunua MG kuukuu

Machi 2014 serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba kuanzia mwaka unaofuata wastaafu wataruhusiwa kuchukua hela zao za pensheni binafsi wanavyotaka, badala ya kusukumwa kuzigeuza malipo ya kila mwezi mpaka kufa. Robo yake haikatwi kodi. Swali likaja haraka: je, wakizitafuna zote? Waziri wa pensheni wa wakati huo akajibu kwamba mtu akiamua kununua Lamborghini, hilo ni chaguo lake. Magazeti yakalidaka neno hilo na mpaka leo halijasahaulika.

Lamborghini hazikununuliwa kivile. Lakini ukipita kwenye uwanja wa kijiji cha Kiingereza Jumapili ya mwezi wa sita, utakuta magari yamepangwa kwenye majani, maboneti wazi, viti vya kukunja pembeni, chupa za chai, na wazee wamevaa kofia bapa wanabishana kuhusu kabureta. MG, Triumph, Morris Minor, Jaguar, Landrova za zamani. Kiinua mgongo cha watu kiko pale, kimepigwa rangi ya kijani.

Sasa kwa nini magari haya haya? Hela peke yake haijibu swali. Jibu liko kwenye hesabu ya miaka.

Kwanza, mchezo huu wala haukuanza na wazee. Novemba 1896 Uingereza ililegeza sheria iliyokuwa inayabana magari yaende maili 4 tu kwa saa, ikaruhusu maili 14, na wenye magari wakasherehekea kwa kuendesha kutoka London hadi Brighton. Mwaka 1927 safari ile ikarudiwa kwa kumbukumbu, kwa magari yaliyokwisha kuonekana takataka. Mwaka 1934 ikaanzishwa klabu ya magari ya zamani ya michezo, na walioianzisha hawakuwa mabwanyenye: walikuwa wapenzi wa mbio wasio na hela ya gari jipya, wakasema basi, gari lenye umri wa miaka mitano au zaidi linatosha. Kisha 1953 ikatoka filamu ya vichekesho, Genevieve, kuhusu marafiki wawili wanaoshindana kwenye safari ya Brighton. Ikapendwa mno, na gari kuukuu likawa kitu cha kujivunia. (Kichekesho chenyewe: gari linalobeba jina la filamu ni Darracq, la Kifaransa.)

Lakini kizazi kilichojaza viwanja vya leo ni kingine. Mfano wake ni mtu aliyezaliwa 1950. Jaguar E-Type ilipoonyeshwa mara ya kwanza mwaka 1961, alikuwa na miaka 11. Bei yake ilizidi pauni 2,000, yaani kwa baba yake ilikuwa ni picha ya kubandika ukutani tu. Mwaka uliofuata ikatoka MGB, viti viwili, paa la kukunja, karibu pauni 950 pamoja na kodi. Hiyo ilikuwa ndoto ya karibu kidogo. Kijana aliyepata kazi nzuri angeweza kuikopea.

Wachache waliipata. Wengi walipata Mini, au Morris Minor ya mkono wa pili, na hawakupungukiwa kitu: Morris Minor, iliyotoka 1948, ndiyo gari la kwanza la Kiingereza kufikisha milioni moja, na aliyeichora, Alec Issigonis, ndiye aliyekuja kuichora Mini ya 1959. Na hata aliyeipata MGB hakukaa nayo. Akaoa, mtoto akaja, na gari la viti viwili halina pa kumweka mtoto. Likauzwa. Ukiwasikiliza wazee hawa, sentensi ya "niliiuza mwaka fulani" inatoka na tarehe kamili, kama ya msiba.

Wakati wanalea, kiwanda nacho kilikuwa kinakufa. Makampuni mengi ya magari yaliunganishwa 1968 kuwa British Leyland, jitu kubwa lenye migogoro isiyoisha, na 1975 serikali ikalazimika kulichukua. MGB yenyewe 1974 ikavishwa mabampa meusi ya plastiki na kuinuliwa juu ili ikubalike kwa sheria za Marekani, soko lake kubwa. Wapenzi wake hawajasamehe. Oktoba 1980 kiwanda cha MG pale Abingdon kikafungwa, baada ya MGB zaidi ya 500,000. Zilizobaki barabarani zikaanza kuliwa na kutu, maana Uingereza humwaga chumvi barabarani wakati wa baridi kuyeyusha barafu, na chumvi inaingia chini ya milango inatafuna bodi kimyakimya.

Kwa hesabu ya kawaida hadithi ingeishia hapo. Ilichofanya isiishe ni kitu cha kiwandani kabisa: mashine za kukunjia mabati ya bodi. Hazikuyeyushwa zote. Zikatafutwa, zikakusanywa, na 1988, miaka minane baada ya Abingdon kufungwa, bodi mpya kabisa ya MGB ikaanza kuuzwa. Mtu akaweza kuchukua injini na viti vya gari lake lililooza akavihamishia kwenye bodi isiyo na tone la kutu. Wengine wakaenda mbali zaidi: wakanunua MGB zilizokuwa zimepelekwa California, kwenye jua na bila chumvi, wakazirudisha kwao na kuhamisha usukani kutoka kushoto kwenda kulia.

Miaka ya 1990 kampuni ikatumia bodi hizo hizo kutengeneza MG RV8, karibu 2,000 tu, na nyingi zikaenda wapi? Japani. Nchi ambayo Dar na Nairobi zinaitegemea kwa magari ya mtumba ilikuwa inaagiza gari la Kiingereza lenye umbo la 1962. Biashara ina vituko.

Kwa hiyo rudi kwa yule wa 1950. Mwaka 2015, mlango wa pensheni ulipofunguliwa, ndiyo kwanza anatimiza miaka 65. Watoto wameondoka nyumbani. Gari aliloliuza bado lipo, spea zake zinapatikana kuanzia skrubu mpaka bodi nzima, klabu zipo, na MGB inayotembea inanunulika kwa hela pungufu kuliko gari dogo jipya. Gari lenye miaka zaidi ya 40 halilipi kodi ya barabara, na tangu Mei 2018 halilazimishwi ukaguzi wa kila mwaka kama halijabadilishwa sana. Kila kitu kilikaa sawa kwa wakati mmoja. Hakuna aliyepanga.

Na kuna jambo ambalo wenyewe hulisema kwa mzaha. Mtu aliyeamka saa kumi na mbili asubuhi kwa miaka 40 anastaafu Ijumaa. Jumatatu simu haiiti. Gari kuukuu ni bosi mpya. Linavuja oili. Taa zinazima bila taarifa, na kampuni ya Lucas iliyozitengeneza ilipewa jina la "Mkuu wa Giza" na wateja wake. Lakini halina kompyuta: kabureta mbili, plagi nne, spana, na mtu mwenye subira analirudisha uhai kwenye gereji ya nyumbani. Halafu jirani anasimama kutazama, na stori inaanza. Kwa mjane au mtu aliyebaki peke yake, stori hiyo ndiyo bei halisi ya gari.

Kasheshe haikosekani. Bodi iliyooza kwa ndani inameza akiba ya miaka, na ndoa kadhaa zimepimwa nguvu kwa risiti za gereji. Petroli yenye risasi ilipigwa marufuku mwanzoni mwa 2000, injini za zamani zikahitaji dawa au vali mpya. Septemba 2021 ikaingia petroli ya kawaida yenye ethanoli mpaka asilimia 10, inayokula mipira ya zamani, na wazee wakahamia kwenye petroli ya bei juu. Magoti nayo yanakataa kulala chini ya gari. Yule wa 1950 sasa yuko katikati ya miaka ya sabini, na matangazo ya kuuza yameongezeka maneno ya aina moja: mmiliki amezeeka, watoto hawaitaki.

Hawaitaki, kweli. Wanataka yao. Sheria ya miaka 40 haikusimama, inasogea kila mwaka, na Toyota Corolla ya 1984 imeshaingia kwenye orodha ya magari ya kihistoria. Kwenye viwanja vile vile sasa utaona Corolla na Datsun zimepaki upande mmoja, wenyewe bado wana nywele nyeusi. Wazee wa MG wanazitazama kwa jicho la pembeni, kisha wanasogea na kuomba wafunguliwe boneti.