Chimbuko la roki ya progresivu

Roki ya progresivu ni tawi la muziki wa roki lililotokea Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1960. Hutambulika kwa nyimbo ndefu zenye sehemu kadhaa, mapigo yanayobadilika, na mbinu zilizochukuliwa kutoka muziki wa klasiki na jazi. Mara nyingi huelezwa kuwa kinyume cha muziki wa pop, lakini chimbuko lake kwa sehemu kubwa ni bendi za pop zenyewe. Bendi mojawapo iliyorithi pande zote mbili ni Queen, ambayo mwimbaji wake, Freddie Mercury, alizaliwa Mji Mkongwe, Unguja.

Bendi za pop studioni

Hadi katikati ya miaka ya 1960 wimbo wa pop ulichukua dakika mbili au tatu. Mwaka 1966 kundi la Marekani The Beach Boys lilitoa albamu ya Pet Sounds, yenye ala nyingi na sauti zilizopangwa kwa uangalifu. Mwezi Agosti mwaka huohuo The Beatles waliacha kufanya ziara. Kwa kuwa hawakulazimika tena kuzipiga nyimbo zao jukwaani, waliweza kurekodi sauti juu ya sauti na kuongeza okestra. Albamu yao Sgt. Pepper's Lonely Hearts Club Band (1967) ilipokelewa kama kazi moja kamili, si mkusanyo wa nyimbo tu.

Mwaka 1967 pia The Moody Blues walitoa Days of Future Passed, inayofuata siku moja tangu alfajiri hadi usiku. Bendi hii ilitumia melotroni, kinanda kinachotoa sauti zilizokwisha kurekodiwa katika kanda.

Kutoka pop hadi progresivu

Albamu ya kwanza ya King Crimson (1969) huhesabiwa kuwa alama ya kukomaa kwa mtindo huu. Nayo ilitumia melotroni. Mwaka huohuo albamu ya kwanza ya Yes iliupanga upya wimbo wa The Beatles, na ile ya Genesis ilikuwa bado ya pop. Gentle Giant iliundwa mwaka 1970 na ndugu watatu waliotoka katika bendi ya pop, Simon Dupree and the Big Sound.

Queen na Zanzibar

Freddie Mercury alizaliwa tarehe 5 Septemba 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, katika familia ya Waparsi. Akiwa shule ya bweni Panchgani, India, alipiga piano katika bendi ya wanafunzi, The Hectics, iliyoiga nyimbo za roki na pop za wakati huo. Familia yake ilihamia Uingereza mwaka 1964, baada ya Mapinduzi ya Zanzibar.

Queen ilianzishwa London mwaka 1970. Albamu ya Queen II (1974) ina dalili wazi za progresivu. "Bohemian Rhapsody" (1975), utunzi wa Mercury, unaunganisha wimbo wa taratibu, sehemu ya opera na roki nzito kwa karibu dakika sita, bila kiitikio kinachorudiwa. Mpenzi wa taarabu aliyezoea nyimbo ndefu hatashangazwa na urefu huo, lakini kwa redio za pop lilikuwa jambo geni. Hata hivyo wimbo huo ulishika nafasi ya kwanza Uingereza kwa wiki tisa: mbinu zilizozaliwa katika pop zilikuwa zimerudi kwa wasikilizaji wa pop.