Mayai ya Mwaka 1982

Binti yangu anaishi Hamilton, mji wa Kanada ulio kando ya Ziwa Ontario. Nilipomtembelea majira ya baridi nilikuta ghuba imeganda kuwa barafu na mashua zimepandishwa nchi kavu. Upande wa kaskazini, kwenye bandari ndogo ya Bustani ya LaSalle mjini Burlington, palisalia maji kidogo yasiyoganda, na ndege walikuwa wamebanana hapo. Tukaenda na kamera.

Nilidhani kupiga picha ni kubonyeza tu. Kumbe theluji huidanganya kamera: weupe ukizidi, kamera hupunguza mwanga na theluji ikatoka ya kijivu, hivyo sharti uuongeze mwenyewe. Betri nayo huisha upesi kwa baridi. Ile ya akiba niliitunza ndani ya koti, kifuani.

Walionivutia zaidi ni bata maji wa tarumbeta: weupe, wenye mdomo mweusi, dume akipita kilo 10, na mabawa yakikunjuliwa huzidi mita 2. Baadhi yao walikuwa na vibandiko vya njano mabawani, kila kimoja na namba yake.

"Baba, usidhani wamekuwapo hapa siku zote," binti akaniambia.

Naam, kisa chao ni cha kusikitisha. Kwa miaka mingi waliwindwa kwa ajili ya biashara. Kampuni ya Hudson's Bay ilisafirisha ngozi zao hadi London, na manyoya yao yakawa mapambo ya kofia na kalamu za kuandikia. Bata maji pori wa mwisho wa jimbo la Ontario alipigwa risasi mwaka 1886 huko Long Point, Ziwa Erie. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1930, nchini Marekani, ukiiacha Alaska, walijulikana kubaki chini ya 100.

Kamera nayo ilikuwa na sehemu yake katika kuwaokoa ndege. George Shiras, mwindaji na mbunge wa Marekani, aliweka bunduki chini akaanza kuwapiga wanyama picha usiku kwa mwako wa taa. Mwaka 1904 alipeleka bungeni muswada wa kuwalinda ndege wahamao, na mwaka 1906 picha zake zikatoka katika National Geographic. Mwaka 1916 Uingereza, kwa niaba ya Kanada, na Marekani zilitia saini mkataba wa kuwalinda ndege hao.

Lakini sheria haimrudishi aliyekwisha kutoweka. Mwaka 1982 mtaalamu wa wanyamapori Harry Lumsden alianza kazi ya kuwarudisha Ontario. Alipata mayai kutoka magharibi mwa Kanada, akayatia katika viota vya bata maji wa asili ya Ulaya ili wayaatamie. Leo jimbo hilo lina zaidi ya 1,000.

Mwaka huo ulinichoma moyo. Mwaka 1982 nilikuwa mwalimu mkuu kijana. Karibu na shule yetu palikuwa na kinamasi, na jozi moja ya korongo taji walitaga humo. Wanafunzi wangu waliniletea mayai mawili. Sikuwakemea, niliwasifu mbele ya gwaride. Nikayatoboa, nikayamwaga, nikayapanga ofisini kama zana za kufundishia. Mwaka uliofuata korongo hawakurudi, nami sikuuliza sababu. Tangu mwaka 2012 korongo taji wamo katika orodha ya ndege walio hatarini kutoweka duniani.

Chuo cha ualimu kilinifundisha kwamba zana bora ni kitu halisi. Hakikuniambia kwamba kitu halisi hufundisha zaidi kikiwa hai, nami sikulifikiria.

Nilipiga picha nyingi siku ile. Moja nimeitundika ukutani: ndege mwenye namba bawani, kama mwanafunzi aliyeandikwa katika daftari la mahudhurio. Wajukuu wakiuliza, nawasimulia habari za Ontario, kisha za mayai yale mawili. Majuto ni mjukuu. Basi na wajukuu wayasikie.